Kishikio cha Mlango Kikikatika, Usianze na Gundi

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba kishikio cha ndani cha mlango wa dereva kimemkatikia kwa mara ya pili, na fundi anamshauri atafute mlango mzima uliotumika. Niliposoma damu ilinichemka. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, tena mbele za watu, na fundi akaongezea kwamba gari kama langu ni la kuuza chuma chakavu. Kwa muda nikawa nashusha kioo, natoa mkono nje na kujifungulia mlango wangu kama mwizi. Abiria walicheka. Sijasahau.

Sasa sikilizeni. Ni kweli jua hukausha plastiki ikawa dhaifu, lakini mara nyingi kinachokivunja kishikio ni ugumu ulioko nyuma yake. Kitasa kimekauka grisi, kebo inayounganisha kishikio na kitasa imeingia kutu na vumbi, kwa hiyo kila ukivuta, nguvu yote inaelemea pale kwenye pini kinapozungukia kishikio. Yule bingwa wa kunisema hakukigusa kitasa hata kidogo. Mimi niliichomoa kebo kwenye kishikio nikaivuta kwa koleo: ilikuwa inakwaruza, na ukiiachia hairudi. Ugonjwa ulikuwa pale. Nikasafisha kitasa, nikakipaka grisi mpaka kikacheza chenyewe.

Kuivua paneli, yaani lile bamba la ndani linalofunika mlango, hakuna maajabu. Skrubu hujificha chini ya vifuniko vidogo, kwenye pahali pa kuegemeza mkono na nyuma ya kishikio. Ukizimaliza, anza kubandua kona ya chini kwa kifaa cha plastiki kilicho bapa, kisha inua paneli kwenda juu. Klipu za zamani zitavunjika tu, uwe nazo za akiba. Ile nailoni iliyobandikwa ndani usiichane, ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie kwenye paneli. Na kama gari lina mifuko ya hewa ya pembeni, chomoa betri na usubiri kidogo kabla ya kugusa chochote.

Plastiki yenyewe isome kwanza. Geuza kipande, mgongoni mara nyingi kuna herufi zinazotaja aina ya plastiki. Ikiwa ABS, una bahati: asetoni huiyeyusha, kwa hiyo loweka vipande chakavu vya ABS hadi viwe kama uji mzito, paka kwenye ufa, na nyuso mbili zinashikana kweli. Ikiwa PP, gundi nyingi zitabanduka zenyewe. Hiyo inataka moto, yaani kuiunga kwa pasi ya kulehemu huku ukizamisha kipande cha wavu wa chuma upande usioonekana. Kishikio chenye rangi ya kromu kikwangue kwanza, la sivyo gundi itashika kromu na kromu itabanduka.

Supagluu peke yake? Kwa kava la dashibodi lisilovutwa na mtu, sawa. Kwa kishikio, hapana. Ikikauka ni ngumu lakini haipindi, na kishikio huvutwa kila siku. Mimi nilitoboa tundu dogo pande zote mbili za ufa, nikapitisha pini ya chuma, nikajaza epoksi, ile gundi ya kuchanganya, na kuiacha mpaka kesho yake. Kinafungua mlango mpaka leo, na wale waliocheka wanakishika bila kujua.

Tatizo letu ni kuamini kila anayevaa ovaroli. Akisema “badilisha”, tunabadilisha, hata hatuulizi kilivunjika kwa nini. Ulizeni jamani! Fundi anayejua kazi hatakasirika.

Kabla ya kurudisha paneli, acha mlango wazi, sukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi mpaka ujifunge, halafu vuta kishikio. Ulimi ukiachia, rudia tena na tena. Ulimi usipoachia, mlango bado uko wazi na kebo unaiona, irekebishe hapohapo.