Kupima mpira wa maji unaotanuka kabla hujauamini

Ndugu uliyeuliza kama mpira unaotanuka ulioununua Arusha mjini unaweza kupimwa nyumbani kabla muda wa kuurudisha dukani haujaisha: unaweza, na huhitaji zaidi ya koki, ndoo, sumaku, msumari, futikamba na karatasi ya chooni. Mimi namwagilia mchicha na miche ya parachichi hapa Moshi kwa mipira ya aina hii, na la kwanza ninalosisitiza ni kwamba usiupime kwa maji ya tenki.

Mpira huu ni mrija mwembamba wa lateksi, au wa plastiki laini inayovutika, uliovikwa kitambaa cha poliesta, na hurefuka pale tu maji yanapousukuma kwa nguvu kutoka ndani. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takribani baa 1 ya msukumo. Kwa hiyo tenki lililokaa juu ya mnara wa mita 3 hutoa kama baa 0.3, ilhali mipira mingi ya aina hii huhitaji baa 3 hivi ili irefuke ipasavyo. Kwenye tenki, mpira mzuri utabaki umekunjamana na utaulaumu bure, na ule mbovu utaonekana mzima kwa kuwa haujabanwa. Uunge kwenye bomba la mamlaka ya maji, siku ambayo yanatoka vizuri.

Kabla ya kufungulia maji, sogeza sumaku kwenye viungio vinavyouzwa kama vya shaba. Ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Isiponasa, kwaruza kidogo kwa msumari mahali pasipoonekana, kwani madini mengine mepesi nayo hayanaswi. Shaba hubaki ya njano hata chini ya mkwaruzo.

Kipimo chenyewe hasa ni cha kuubana. Unga kichwa cha kunyunyizia na ukifunge maji yasitoke, fungulia koki polepole, uache mpira ujae ukiwa kivulini na watoto wakiwa mbali, kisha pima urefu wake kwa futikamba na uulinganishe na urefu uliokuwa nao ukiwa mkavu, kwa kuwa wauzaji wengi huahidi mara tatu. Pitisha kiganja juu ya kitambaa kuanzia mwanzo hadi mwisho: unene unapaswa kuwa sawa kote, na ukigusa mahali palipotuna kuliko kwingine, mrija wa ndani una udhaifu hapo. Zungushia karatasi kavu ya chooni kwenye ncha zote mbili na uiache mpira ukiwa umebanwa kwa saa moja au mbili, ikiwezekana jioni sana, wakati matumizi ya majirani yamepungua na msukumo wa bomba umepanda. Karatasi ikilowa kwenye nati, badilisha washa ya mpira au ongeza tepu nyeupe ya mafundi bomba, hasa ikiwa umeunga nati ya robo tatu kwenye koki ya nusu inchi kwa kiungio cha kati. Ikilowa nyuma ya kiungio, pale kitambaa kinapoingia, mrija umeanza kuchomoka kwenye kibano chake, na hilo halitengenezeki. Mipira mingi ya aina hii hufia hapo hapo.

Kasi ya maji ni rahisi kuipima: jaza ndoo ya lita 20 moja kwa moja kutoka kwenye koki, kisha kupitia mpira, na ulinganishe muda. Tofauti ndogo ni ya kawaida, kwa sababu njia hubanwa kusudi mwishoni ili mpira upate kutanuka.

Mwisho funga koki, fungua kichwa, maji yatoke yote. Upime tena kesho yake ukiwa mkavu; ukibaki mrefu kuliko ulivyotoka dukani, mrija umechoka mapema. Huo, pamoja na ule unaovuja nyuma ya kiungio, urudishe na risiti yake ya EFD (ya mashine ya kodi) bila kukubali kupewa nati mpya badala yake.