Jibu: Maonyesho ya sanaa bila mchujo mtaani, Temeke

Mkuu, umeuliza kama mtaa wenu hapo Temeke unaweza kuandaa maonyesho ambayo kila mtu analeta kazi yake bila kamati ya mchujo, na kama hayatajaa takataka. Yanawezekana. Nimeshiriki kuyaandaa Mbagala, kwenye ukumbi wa harusi wa kukodi, na kazi mbovu hazikutusumbua hata kidogo. Watu wa mtaani wana macho: wanaipita picha isiyowagusa, wanasimama penye kitu. Halafu kumbuka Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 juu ya hadubodi, kwa rangi za kupakia baiskeli, bila kusomea popote. Kamati gani ingempokea?

Ugomvi uko ukutani. Ukishaondoa majaji, mwenye nyundo na misumari ndiye jaji. Kwetu picha za vijana waliopitia mafunzo zilianza kutundikwa mkabala na mlango, na mkeka wa ukili wa mama mmoja ukapelekwa kwenye njia ya chooni. Hakuna aliyemkataa kwa mdomo, lakini yule mama alielewa. Tukasimamisha zoezi, tukaandika namba kwenye vikaratasi, kila mtu akachota nafasi yake. Manung'uniko yakaisha palepale.

Hata New York mwaka 1917 walilijua hilo. Chama cha wasanii kiitwacho Society of Independent Artists walifanya maonyesho bila majaji wala zawadi. Ukilipa ada ya dola 6 unaonyesha. Kazi zaidi ya 2,000 zilipangwa kwa alfabeti ya majina ya wasanii, na herufi ya kuanzia ikapatikana kwa kura, ikatoka R. Ila hao hao waliteleza. Marcel Duchamp, msanii Mfaransa na mjumbe wa bodi yao, alipeleka bakuli la kukojolea la kauri lililosainiwa R. Mutt, jina la bandia. Ada ililipwa, bodi ikagoma kulionyesha, naye akajiuzulu.

Kwa hiyo kabla hamjatangaza, kaeni mkubaliane mtafanya nini itakapokuja kazi inayowakera ninyi wenyewe. Kwetu binti mmoja alichora baba akimpiga mtoto kwa mkanda. Jirani akajiona mle, akataka ishushwe. Tulimjibu haishuki, lakini nafasi ipo, naye alete yake. Hakuleta, ila alirudi siku ya pili kuitazama tena, na wakazungumza na yule binti kwa muda mrefu. Mimi hilo peke yake naliona lilitosha kulipia ukumbi.

Vibali usivifanyie mzaha. Anza na ofisi ya serikali ya mtaa, kisha waulize BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, chombo kilichoundwa kwa sheria ya 1984, wanataka nini kwa shughuli ya aina yenu. Weka kikomo cha ukubwa na idadi ya kazi kwa kila mtu. Hicho hakimchuji mtu, ukuta una mwisho wake. Usiku lazima awepo mlinzi.

Kuhusu wazo lako la kumpa zawadi mshindi, liache. Paris tangu 1884 maonyesho ya wasanii huru yaitwayo Salon des Indépendants yalikataa majaji na zawadi kwa pamoja. Zawadi inahitaji jaji, na hapo mchujo umeshaingia kwa mlango wa nyuma. Hiyo pesa nunulieni taa na misumari, kila mwenye kazi aandike bei yake na namba ya simu pembeni.