Kusoma namba za bloku ya Ford silinda sita

Namba iliyoinuka kwenye bloku inakuonyesha mchoro ni wa mwaka gani, si siku chuma kiliposubiwa. Anayeanza hukosea hapo, akaishia kununua pistoni zisizoingia.

Chukua injini ndogo za sita kwa mstari ambazo Ford waliziweka kwenye Falcon na Mustang. Namba ikianza C5DE, isome herufi moja moja: C ni miaka ya 1960 (ya 1970 huanza na D), 5 ni 1965, D ni Falcon, E ni injini. Ukiona 6015, hiyo ni bloku; 6049 ni silinda hedi. Mara nyingi tarakimu hizo hazipo kabisa.

Sasa tafuta tarehe, namba fupi iliyo peke yake. Bloku ya C8DE yenye 9C12 ilisubiwa Machi 12, 1969. Miezi ni A mpaka M, lakini I imerukwa, basi Septemba ni J.

Toa grisi kwa mafuta ya taa na brashi ya waya ya mkono. Grainda weka mbali, itakula namba yenyewe. Laza chaki, ipitishe juu ya herufi, kisha mulika tochi kutoka ubavuni. Uchafu hugeuza 3 kuwa 8 na C kuwa G.

Namba ikigoma kusomeka, hesabu vizibo vya bati vya mviringo ubavuni. Injini hizi huitwa kwa ukubwa wake wa inchi za ujazo. 144, 170 na 200 za mwanzo, zenye beringi kuu (zinazoshika krenki) nne, zina vitatu. 200 ya beringi saba ina vitano.

Hedi ikiwa imefunguliwa, pima. Kipenyo peke yake hakitoshi: 144 na 170 zote ni inchi 3.5, 200 na 250 zote ni 3.68, na silinda huenda ilishachongwa. Mwendo wa pistoni ndio unaozitenga: 2.5, 2.94, 3.126 na 3.91, kwa mfuatano huohuo. Zungusha krenki, pima kina cha pistoni ikiwa juu kabisa na ikiwa chini kabisa, kisha toa kipimo kidogo kwenye kikubwa.

Hedi iandikie mstari wake kwenye daftari, maana huenda si ya bloku hiyo. Ya 250 hukaa vizuri juu ya 200, na mafundi wengi wamebadilisha hivyo. Manifoldi ya kuingiza hewa imesubiwa pamoja nayo. Ikipasuka, unatafuta hedi nzima.