Jibu: Msagishaji wa Goring, sensa ya 1841 na ubatizo usioonekana

Salama mkuu. Kama nimekuelewa, msagishaji wa nafaka unayemtafuta, wa kijiji cha Goring kando ya mto Thames, Uingereza, ameandikwa miaka 45 katika sensa ya 1841, safu ya alikozaliwa ina herufi N, na ubatizo wa 1796 huuoni katika rejista za kanisa la hapo kijijini.

Kama alikuwa hai Machi 30, 1851, soma kwanza sensa ya siku hiyo: inataja parokia ya kuzaliwa.

Kuhusu umri, mwaka 1841 makarani waliagizwa kuushusha kwa mafungu ya miaka mitano kwa kila aliyezidi 15. Hivyo 45 yaweza kuwa 49. Sensa ilikuwa Juni 6, basi pekua kuanzia katikati ya 1791. Makarani wengine hawakufuata agizo, kwa hiyo usijifunge sana.

Hiyo N ndiyo muhimu. Maana yake hakuzaliwa ndani ya kaunti ile, si kwamba alitoka mbali. Goring ni Oxfordshire. Ng'ambo tu ya maji, kijiji cha Streatley ni kaunti nyingine, Berkshire. Mtoto wa ng'ambo, hata kama nyumba mbili zinaonana, anapata N. Mimi ningeanza Streatley kabla ya kwingine kokote.

Hapa ndipo wengi hukwama: rejista za ubatizo za Streatley tafuta kwenye hifadhi ya nyaraka mjini Reading, si Oxford. Nakala za rejista hizo walizopelekewa maaskofu kabla ya 1836 ziko Chippenham, Wiltshire, kwa kuwa Berkshire ilikuwa chini ya dayosisi ya Salisbury. Ukurasa wa rejista ukiwa umefifia, fungua nakala hizo.