Picha ya mwezi kwa lenzi kuukuu: niliyojifunza kwa kuharibu

Usiku wangu wa kwanza nilipiga picha 140 na zote zilitoka duara jeupe tupu, kama balbu. Nilikuwa nimeiachia kamera ijipimie mwanga yenyewe, sasa kamera ikiona fremu karibu yote nyeusi inadhani kuna giza totoro, inajitahidi kuangaza weee mpaka mwezi unaungua. Mnaoanza shikeni hili mapema, mwezi sio kitu cha gizani. Ni mawe na vumbi vinavyopigwa na jua, kwa hiyo mpige kama unavyopiga kitu kilichoanikwa juani mchana. Weka kamera kwenye M, yaani unapanga kila kitu mwenyewe, na kuna kanuni ya zamani ya wapiga picha: mwezi mpevu f/11 (hiyo ni apecha, tundu la lenzi), na shata (muda wa kuingiza mwanga) ifanane na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga), yaani ISO 100 shata 1/100 ya sekunde. Ukifungua mpaka f/8 unaenda 1/200. Mwezi ukiwa nusu mwanga unapungua sana kuliko macho yanavyokwambia, hapo kwa f/8 na ISO 100 utajikuta unataka kama 1/50, na mimi bora nipandishe ISO iwe 200 nibaki 1/100 kuliko kuhatarisha mtikisiko.

Lenzi yangu ni milimita 300 f/4 ya kufunga kwa skrubu, ile M42, chuma kitupu, haina fokasi ya otomatiki wala haiongei na kamera hata neno moja. Kamera yako ikiwa ni zile zisizo na kioo ndani (mirrorless), adapta yoyote ya M42 inakubali, na usisahau kuingia kwenye menyu uiruhusu ipige bila kutambua lenzi maana nyingi zinagoma. Kwa Nikon za kioo (DSLR) kuwa makini, adapta ya kawaida isiyo na kilenzi kidogo ndani inakunyima fokasi ya mbali, na mwezi ndio huko huko mbali.

Usitegemee mwezi ujaze fremu. Chukua milimita za lenzi gawa kwa 110, hapo unapata upana wa mwezi kwenye sensa, kile kibati cha ndani kinachonasa picha, 300 inakupa kama milimita 2.7 hivi, kwenye kamera yangu ni karibu pikseli 700. Inatosha kabisa kuona mashimo. Jikune unapofikia, ila hizo pikseli 700 ziwe safi.

Na hapo ndipo nilipopotea wiki nyingi. Lenzi nyingi za M42 zina kiswichi kidogo pembeni kimeandikwa A na M. Changu kilikuwa kwenye A, mimi sina habari, nazungusha pete ya apecha mpaka f/8, inalia tk tk tk vizuri kabisa, nafurahi. Picha zikawa zinaungua kwa 1/200, nikaenda 1/400, nikaenda 1/800 ndio zikakaa sawa, nikajiambia leo mwezi una mwanga kweli kweli! Ukingoni kulikuwa na mstari wa zambarau mnene kama umechorwa na kalamu, nikailaumu lenzi, nikataka hata kuiuza. Kamera nayo haikunisaidia, kwa lenzi kama hizi haijui apecha ni ngapi, inaandika sifuri au vistari tu. Siku moja naifuta kioo cha mbele, nikazungusha pete huku nachungulia ndani, vile vibati vyeusi vinavyofunga tundu havikusogea hata kidogo. Nilikuwa napiga f/4 muda wote! Kwenye A vibati vinasubiri kusukumwa na kamera ya enzi zile na adapta yangu haisukumi kitu. Nikakipeleka kiswichi M, tundu likajifunga, usiku ule zambarau ikabaki kiduchu tu, ya kufutika kwenye kompyuta. Kwa hiyo kabla hujatoka chungulia ndani ya kioo kwa macho yako, usiamini sauti ya pete.

Fokasi sasa. Ile alama ya nane iliyolala kwenye pete, ya fokasi ya mbali kabisa, usiifuate, lenzi nyingi za zamani na adapta zake zinapitiliza hapo, ukizungusha mpaka mwisho umeshapita mwezi. Kuza kwenye skrini mara 10, tafuta ule mpaka wa mwanga na giza, zungusha polepole mpaka vivuli vya mashimo vikate, pitiliza kidogo halafu rudi. Fanya hivyo kwenye apecha ile ile utakayopigia. Rudia kila baada ya muda maana chuma kikipoa fokasi inahama.

Stendi iwe nzito, na taima ya sekunde 2 kwa lenzi ndefu naona haitoshi, mimi naweka 10, shata ya kielektroniki kama unayo, na kile kizuia mtikisiko cha kamera kizime ukiwa kwenye stendi. Mwezi wenyewe unahama upana wake mzima kwa kama dakika 2, utakuwa unauvuta katikati kila saa, zoea tu.

Wengi wanangoja mwezi mpevu, mimi nawaambia ndio mgumu kupendeza, jua linaupiga uso kwa uso hakuna vivuli, labda kama unataka ile miale mirefu inayotoka kwenye shimo la Tycho. Mwezi ukishaandama hesabu siku kama 8 au 9, mashimo ya Copernicus na Clavius yanaanza kujitokeza pale mpakani mwa giza, shimo linaonekana shimo kweli. Ngoja upande juu, ukiwa chini unapigia hewa nene inayochemka. Na usipigie kupitia dirishani jamani.

Ukipata subira piga picha 60 za haraka haraka, ziunganishe kwa AutoStakkert, programu ya kompyuta, ni ya bure, punje za picha zinapungua halafu unanoa kidogo. Kidogo! Ukinoa sana mwezi unakuwa kama umepakwa lami.

Kama bado hujanunua lenzi, nenda na tochi uimulike kwa nyuma. Kidoa cha fangasi pembeni hakinisumbui, ukungu uliotanda kioo kizima ndio ukimbie, huo utakuwekea taji la mwanga kuzunguka mwezi kila picha. Na mchana usiielekeze kwenye jua kabisa, inaunguza sensa na jicho.

Ukimaliza, funga kamera na lenzi kwenye mfuko ukiwa bado nje ndio uingie ndani, la sivyo kama nje kuna baridi kioo kinashika mvuke na huko ndiko fangasi wanakozaliwa. Usiufungue mpaka vipoteze baridi, ila memori kadi toa kabla, mimi nimeshakaa saa nzima nautazama mfuko na picha zimo ndani.