Makange, zege na supu: ladha ya baa kwenye jiko lako la gesi

Mimi pombe sinywi, lakini Jumamosi jioni ukinikosa nyumbani nitafute baa. Nitakuwa na soda yangu ya tangawizi, nasubiri makange, yaani kuku au nyama ya kukaangwa na mboga kwa moto mkali. Hapa Dar es Salaam familia nzima huenda baa kula, watoto na chipsi zao, wazee na supu yao, na hakuna anayeshangaa. Shida ni bili. Ukiwa na watoto watatu wanaoagiza kuku, bia hujanywa hata moja na bado unatoka umekunjamana. Ndiyo maana nilianza kupika vyakula hivyo mwenyewe, na sasa wageni wangu wakija mwisho wa wiki wanaulizia zege, yaani chipsi mayai, kabla hawajauliza hali yangu.

Swali ninaloulizwa sana ni viungo gani vinatumika. Watu wanaamini kuna unga fulani wa siri jikoni kwa baa. Siku moja pita pale nyuma uchungulie: chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, nyanya ya kopo, basi. Wanachokuzidi ni moto mkali, na kazi nusu inakuwa imeshafanyika kabla hujaagiza. Viazi vimeshakaangwa mara moja, kuku ameshachemshwa, vitunguu vimeshakatwa. Ukiagiza wanamalizia tu, kwa moto unaonguruma.

Moto una maana hivi. Maji hayapiti nyuzi 100 za Selsiasi, hata uchochee vipi. Nyama huanza kugeuka rangi na kutoa ile harufu ya kukaangwa sawasawa ikifika kama nyuzi 140. Kwa hiyo nyama iliyolowa, au iliyorundikwa karaini hadi inatoa maji, itachemka humo humo na kuwa ya kijivu. Utaongeza viungo, utaongeza royco, na bado itabaki mchuzi wa Jumatano. Siku hizi wengi tumehamia kwenye gesi, na serikali kwenye mkakati wake wa mwaka 2024 inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, kwa hiyo nazungumzia jiko la gesi la kawaida la plati mbili. Moto wake ni mdogo kuliko wa baa. Dawa ni kutumia karai zito, kukausha unachokaanga, na kukaanga kidogo kidogo hata kama watoto wanalia njaa.

Tuanze na chipsi, maana ndiyo mtihani. Chagua viazi vikavu na vigumu. Vikianza kuota au kuwa na ukijani, acha, ule ukijani ni dalili ya sumu. Kilo moja inatosha watu watatu wenye njaa. Menya, kata unene wa sentimita moja, viache kwenye maji baridi kama nusu saa. Suuza mpaka maji yasiwe meupe. Ule weupe ni wanga, na ukibaki chipsi zinashikana na kuungua nje kabla ndani hazijaiva. Kisha zifute kwa kitambaa mpaka zikauke kabisa. Kiazi chenye maji kikiingia kwenye mafuta ya moto kinarusha mafuta hadi ukutani.

Mkaango wa kwanza ni wa moto wa wastani, dakika tano au sita. Unataka kiazi kilainike, kisibadilike rangi. Opoa, tandaza, acha kipoe. Hapo unaweza hata kwenda kanisani ukarudi. Wakati wa kula ukikaribia, washa moto mkubwa. Mafuta yako tayari kama ukichovya ncha ya mwiko wa mti yanatoa povu kwa kasi kuuzunguka. Rudisha chipsi, sehemu sehemu, dakika mbili au tatu mpaka ziwe za dhahabu na uzisikie zinagongana ukitikisa. Chumvi ni baada ya kuopoa. Kijana wa chipsi hapo mtaani hufanya hivi hivi kila siku: zile zilizolala ndani ya kabati la kioo ni za mkaango wa kwanza, na ukiagiza anazirudisha karaini. Yeye anawahi wateja, lakini njia ndiyo hiyo hiyo.

Karai lisijae mafuta kupita nusu. Na mafuta yakishika moto, usimwagie maji hata kidogo. Zima gesi, funika na mfuniko, ondoka usogelee mbali. Wafundishe na wasaidizi wako wa nyumbani, wengi hawajawahi kuambiwa.

Ukishakuwa na chipsi nzuri, zege ni dakika nne. Chipsi za sahani moja, mayai mawili, matatu kama una mtu wa kubeba mizigo. Piga mayai na chumvi kidogo. Kikaangio kipate moto kwanza, mafuta kijiko kimoja, weka chipsi zitandazike, ziache zilie kidogo, ndipo mwaga mayai kuanzia pembeni kuja katikati. Usivuruge. Chini kukishashika, funika na sahani, pindua, rudisha upande wa pili. Wengine wanaweka kitunguu na hoho humo. Mimi sipendi, kitunguu kinatoa maji na yai linakuwa tepetepe. Hivyo ni vya kachumbari, vikae kwenye kachumbari.

Makange sasa. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, na wanaharibu kwa huruma: wanaogopa kuunguza mboga.

Chukua kuku mmoja, kata vipande vidogo, vidogo kuliko vya mchuzi. Kama ni wa kienyeji lazima umchemshe kwanza na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu mpaka alainike, na supu yake uitunze. Broila hahitaji kuchemshwa, mpake viungo hivyo na ndimu, akae saa moja. Mfute, mkaange kwenye mafuta mengi mpaka awe wa kahawia kweli kweli, siyo njano, na ukivunja kipande kinene pale kwenye mfupa usione damu. Weka pembeni. Hadi hapa unaweza kufanya mapema, hata asubuhi, ila akishapoa umweke kwenye friji.

Mboga zikatwe kubwa: kitunguu vipande vinene, hoho ya kijani na nyekundu kama ipo, karoti mshazari, nyanya robo robo. Panga kila kitu karibu na jiko kabla ya kuwasha, kwa sababu ukishawasha hakuna nafasi ya kwenda kutafuta chumvi. Moto juu kabisa. Mafuta vijiko viwili vya chakula, yapate moto mpaka uone yanameta. Karoti kwanza, dakika moja. Kitunguu na hoho, dakika nyingine, ukirusharusha. Kitunguu saumu kilichopondwa, kijiko kimoja cha nyanya ya kopo, kigeuzwe mpaka ukali wake uishe. Hapo kuku aingie, kisha nyanya, kisha nusu kikombe cha ile supu au maji, na soya sosi kijiko kidogo ukipenda. Onja kabla ya kuongeza chumvi, soya sosi ina chumvi yake tosha. Mchuzi ukishamganda kuku, zima, kamulia ndimu, pilipili juu. Hoho iwe bado inalia ukiitafuna. Kama imelegea umechelewa kuzima.

Baa wanaleta kwenye sahani ya chuma inayochemka hadi mezani. Huna haja ya kuinunua. Tumia karai dogo la chuma, lipashe moto kabla, mimina makange, lipeleke mezani juu ya kibao cha kukatia. Kula na ndizi mzuzu za kukaanga au ugali mgumu. Nyama ya ng'ombe na samaki vinafuata njia hiyo hiyo, isipokuwa samaki anaingia mwisho kabisa asije akavunjika. Wanaokula kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, nao ni vilevile, ila ichemke hadi iive kabisa kabla ya kukaangwa. Minyoo ya tegu haifi kwa kupitishwa juu ya moto haraka haraka, inataka nyama ipate moto mpaka katikati.

Supu ni habari nyingine, maana inataka moto mdogo na subira. Makongoro, yaani miguu ya ng'ombe, yanunue yaliyokwisha kuchomwa manyoya, uyasugue tena kwa kisu na chumvi mpaka yawe safi, halafu uyachemshe dakika kumi na kumwaga maji yale. Anza upya na maji baridi. Povu likipanda litoe kwa kijiko, ukiliacha supu inakuwa na weusi na harufu. Baada ya hapo punguza moto, maji yawe yanatingishika tu, saa tatu hadi nne. Ukiwa na sufuria ya presha saa moja na zaidi kidogo inatosha na gesi yako itakushukuru. Ngozi na mishipa ya kongoro vinayeyuka polepole na kuifanya supu iwe nzito, inayonata midomoni. Hakuna unga unaoweza kuleta uzito huo. Chumvi, tangawizi, kitunguu saumu, basi. Ndimu na pilipili kila mtu ajikamulie bakulini mwake, ukiweka ndimu sufuriani ikachemka unapata uchachu usio na harufu. Chapati pembeni. Wanywaji wanasema ndiyo inayowarudisha duniani Jumapili asubuhi. Mimi naipenda bila hiyo sababu.

Supu ya kuku wa kienyeji na ya mbuzi ni rahisi zaidi, sitaki kukuchosha.

Kama una watu wa Moshi nyumbani watakuuliza mtori. Unataka ndizi mshare, nyama ya ng'ombe yenye mfupa, kitunguu, na siagi au maziwa mwishoni. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, utomvu wa ndizi hautoki kirahisi. Chemsha nyama ilainike, toa mifupa, ndizi ziive kwenye supu ile ile, halafu ponda kwa mwiko mpaka iwe kama uji mzito. Blenda inaifanya kuwa gundi. Ponda kwa mkono, vibaki vijipande.

Nyama choma kwa kweli inataka mkaa, na mkaa ni wa nje. Usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hewa yake huua watu wakiwa usingizini. Kibarazani, yasukume makaa upande mmoja wa jiko ili upate sehemu kali na sehemu poa. Mbavu za mbuzi zianze upande wa poa, ziive taratibu, umalizie kwenye kali kupata rangi. Wenzetu wa Kenya wengi hutumia chumvi tupu na mimi nakubaliana nao kwa mbuzi mzuri. Ukishaitoa iache dakika kumi kabla ya kuikatakata, vinginevyo maji yake yote yanabaki kwenye kibao.

Mishikaki ndiyo inayowezekana hata kwenye gesi, juu ya kikaangio cha chuma kilichopata moto sana. Nyama ya steki, vipande vya sentimita mbili, tangawizi, saumu, ndimu, chumvi. Papai bichi likisagwa kijiko kimoja kwa kilo linalainisha nyama ngumu ndani ya saa moja. Lisikae usiku kucha. Kimeng'enya chake hakijui kuacha, na asubuhi utakuta nyama ya kupaka kwenye mkate. Vijiti vya mti viloweke nusu saa visiungue.

Kachumbari isidharauliwe, maana vyote hivi vina mafuta na bila kitu kichachu unachoka kwenye sahani ya kwanza. Kitunguu kikate chembamba, kifikiche na chumvi, kioshe, kikamue. Hapo ndipo ukali wake wa kuudhi unaondoka. Nyanya, tango, karoti ya kukwaruza, pilipili mbuzi kwa wenye roho. Ndimu na chumvi viwekwe dakika ya mwisho, kabla tu ya kula, vinginevyo kachumbari inaogelea.

Ukitaka kuwalisha watu sita Jumamosi bila kushinda jikoni, nunua na ukatekate Ijumaa. Asubuhi kaanga chipsi mkaango wa kwanza, chemsha na kaanga kuku. Wageni wakishakaa na vinywaji vyao, chipsi za pili na makange yanakwenda pamoja kwenye plati mbili, robo saa. Kachumbari mpe aliyekuja mapema bila shughuli. Ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, na samaki mkubwa wa kuchoma mimi siwezi kujisumbua navyo nyumbani, hivyo bado nawaachia wenye majiko yao, nakwenda na soda yangu.