Nyama ya jioni, mwasho wa usiku wa manane: nipime nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe na mbuzi huku Kongwa. Tangu mvua zilizopita, nikila nyama jioni naamka usiku wa manane nawashwa viganja na nyayo, kisha mabaka yanatapakaa mwili mzima. Juzi, baada ya kula figo za mbuzi, midomo ilivimba, tumbo likakata, nikaanguka nikielekea chooni. Kuku na samaki nakula bila shida. Kuna mtu ameniambia ni kupe. Kipimo gani kitathibitisha? Na watoto wangu nao wapimwe?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Nianze na huko kuanguka, maana kunanitia wasiwasi kuliko mabaka. Mzio ukifika hatua ya kuvimbisha midomo na kumwangusha mtu, ni dharura. Piritoni peke yake haitoshi hapo. Kinachookoa ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja. Ikikurudia, lala chini, miguu iinuliwe, ila kama unapumua kwa shida ukae, na upelekwe hospitali usiku huohuo. Na kuanzia leo acha nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe na ya porini, hata kabla hujapima. Kuacha nyama siku chache hakuharibu kipimo, na usijaribu kula tena nyumbani ili uone kama itarudi.

Aliyekutajia kupe huenda yuko sahihi. Wanyama wanaonyonyesha wana sukari iitwayo alfa-gali katika nyama na mafuta yao. Sisi binadamu hatuna. Kupe akikuuma, mate yake yanaweza kuufanya mwili utengeneze kingamwili za IgE dhidi ya sukari hiyo. Siku ukila nyama, vurugu huanza saa mbili hadi sita baadaye, na ndiyo maana wengi hawaioanishi na chakula. Figo na minofu yenye mafuta huleta shida kubwa zaidi, kama ulivyoona. Huko Marekani anayelaumiwa zaidi ni kupe aina ya Amblyomma americanum, na ndugu zake wa jamii hiyohiyo ya Amblyomma wapo kwenye mifugo yetu. Usimchanganye na papasi wa kwenye nyumba za tembe. Huyo tunamjua kwa homa inayorudi-rudi.

Sasa kipimo. Omba IgE ya alfa-gali, na daktari aiandike hivyo kwenye fomu. Ni damu ya kawaida ya mshipani. Huhitaji kufunga kula, na vidonge vya mzio kama setirizini havibadilishi majibu yake. Hapa Dodoma ulizia kwanza maabara ya hospitali ya rufaa kama wanapokea sampuli na kuipeleka kwingine, usije ukasafiri bure. Kipimo cha kuchoma ngozi kwa dondoo ya nyama mara nyingi hutoa jibu hafifu kwa mzio huu. Ukiletewa orodha ndefu ya vyakula iliyopimwa kwa IgG, ambayo ni kingamwili ya aina nyingine, usilipe hata shilingi, kwa kuwa IgG haioneshi mzio.

Majibu yakifikia 0.1 kU/L au zaidi huhesabiwa kuwa chanya. Lakini hapa naomba unisome taratibu. Chanya maana yake ni kwamba kingamwili zipo. Vijijini barani Afrika, ambako watu huumwa na kupe na hupata minyoo, wapo wengi wenye kingamwili hizo wanaokula nyama kila siku bila hata kujikuna. Wala namba kubwa haisemi shambulio lijalo litakuwa kali kiasi gani. Kinachotoa uamuzi ni maelezo yako yakilingana na damu. Kwa hiyo kabla ya kwenda, andika kwenye daftari kwa kila tukio: ulikula nini, saa ngapi, uliamka saa ngapi, ulikunywa pombe au ulifanya kazi nzito siku hiyo, na lini kupe walikuuma. Pombe na kazi nzito zinaweza kuamsha shambulio ambalo lingepita kimya. Ukurasa huo mmoja utamsaidia daktari kuliko namba yoyote ya maabara.

Kuku, mayai, samaki wa Mtera, dagaa, maharage na mlenda, kula. Ila kuku wa mnadani aliyechomwa kwenye wavu mmoja na mbuzi, mwache. Maziwa kama hayajawahi kukusumbua, endelea nayo kwanza. Ukienda kutibiwa chochote, taja mzio huu, kwani vidonge vingine vina ganda la jelatini ya ng'ombe au nguruwe.

Kupe wapya ndio hupandisha kingamwili upya. Ogesha mifugo kwa ratiba, vaa suruali ndefu uichomeke kwenye buti, jikague jioni makwapani, kinenani na nyuma ya magoti. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usipoumwa tena, kingamwili hushuka kwa miezi au miaka, na baadhi ya watu hurudi kula nyama. Jaribio hilo lifanyike hospitalini, chini ya uangalizi.

Watoto wako kama wanakula nyama na kulala salama, usiwapime. Wakaguliwe kupe tu wakitoka malishoni.